Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) na Suala la Ijtihadi: Kutoka Makaburi ya Tumbe hadi Mahakama ya Kadhi, Mombasa

1.0 Utangulizi

Makala hii inakusudia kueleza maisha ya Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwanachuoni wa Mombasa aliyezaliwa mwaka 1891 na kufariki mwaka 1947. Tutayaangalia maisha hayo kupitia jambo moja ambalo, kwa maoni yetu, ndilo lililoyaunganisha: tofauti iliyopo kati ya mtu anayetumia elimu na akili yake kuitafuta hukumu katika Kurani na Hadithi, na mtu anayeshika kauli ya wanavyuoni walio wengi bila ya kuuliza imetoka wapi. Katika istilahi za fikihi, suala hilo ni la ijtihadi na taklidi. Wengi walioandika juu ya Sheikh huyu wamemweleza kama mwanamageuzi aliyeathiriwa na fikra za Misri. Maelezo hayo si makosa, lakini hayatoshi. Sheikh Al-Amin hakuyahama madhehebu ya Shafii. Alichokifanya, na ambacho kiliwaudhi baadhi ya wenzake, ni kuitoa dalili katika darasa la Kiarabu na kuiweka mbele ya msomaji wa Kiswahili. Kisha yeye huyo huyo akakubali kukaa katika kiti cha kadhi, ambacho hakimpi anayekikalia nafasi kubwa ya kutoka nje ya vitabu vya madhehebu yake. Namna alivyoishi na hali hizo mbili ndiyo habari inayostahili kuelezwa.

Huenda msomaji akashangaa tukianzia Tumbe, kijiji cha wavuvi kilichoko kaskazini mwa kisiwa cha Pemba katika wilaya ya Micheweni, hali Sheikh alikuwa mtu wa Mombasa. Sababu yetu ni hii. Karibu na Tumbe yapo magofu ya Chwaka, ambayo mapokeo ya wenyeji huyahusisha na Haruni, mwana wa yule Mkama Ndume wa Pujini; na karibu na magofu hayo yapo makaburi yanayojulikana kuwa ya Mazrui. Pahala penyewe ni pakongwe kuliko majina yote hayo. Uchunguzi wa wataalamu wa mambo ya kale umeonyesha kwamba Tumbe palikuwa na makazi makubwa tangu karne ya 7 hadi ya 10, na kwamba mji wa Chwaka ulikuja baada yake, kuanzia karne ya 11. Mazrui wamo katika tabaka la juu kabisa la historia hiyo. Walikuwa maliwali wa Mombasa waliotoka Omani, wakajitegemea katikati ya karne ya 18, wakaitawala na Pemba, kisiwa kilichoilisha Mombasa kwa mpunga wake. Pemba iliwatoka mwanzoni mwa miaka ya 1820, na Mombasa yenyewe mwaka 1837, zote zikaingia mikononi mwa Sayyid Said bin Sultan.

Sheikh Al-Amin ndiye aliyeiandika kwa Kiarabu historia ya utawala huo wa jamaa zake, na Pemba ina nafasi kubwa ndani yake. Kitabu hicho hakikuchapishwa hadi mwaka 1995, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Basi makaburi ya Tumbe ni sehemu ya kile alichokirithi. Lakini makaburi ya namna hiyo ni mfano mzuri pia wa suala tunalolishughulikia. Mwambao wetu wote, kuanzia Lamu hadi Kilwa, umejaa makaburi yaliyojengewa kwa mawe, mengine yakiwa na minara. Ukivifungua vitabu vya Kishafii vilivyosomeshwa katika misikiti ya mwambao huo huo, utakuta kwamba kujenga juu ya kaburi ni jambo linalochukiza, na katika makaburi ya wote ni haramu. Kwa hiyo anayetetea desturi hiyo kwa kusema kwamba ndivyo walivyofanya wengi, yampasa kwanza aeleze ni wengi gani anaowakusudia: wengi wa watu au wengi wa wanavyuoni? Sehemu kubwa ya kazi ya Sheikh Al-Amin ilikuwa ni kuwatenganisha wengi wa aina hizi mbili.

2.0 Nasaba na malezi

Mazrui kwa asili walikuwa Maibadhi, kama Waomani wengi. Katika karne ya 19 baadhi yao wakaingia katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waswahili wengi. Baba yake Al-Amin, Sheikh Ali bin Abdallah bin Nafi, alikuwa miongoni mwa maulamaa wakubwa wa Kishafii wa wakati wake, na mjadala wake na Maibadhi ulimtia katika matatizo na serikali. Sultan Barghash bin Said, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, alimtia kifungoni, na hakutoka ila baada ya Barghash kufa na nduguye Khalifa kushika ufalme.

Tunalitaja tukio hili kwa sababu linaonyesha kwamba suala la madhehebu katika nyumba ile halikuwa la vitabu tu. Mtu aliyetoka katika njia ya wazee wake kwa kuridhika na hoja nyingine huwa, kwa lugha ya wataalamu wa usuli, hakufanya ijtihadi. Ametoka katika taklidi moja akaingia katika nyingine. Hukumu hiyo ya kitaalamu ni sahihi, lakini naiona kavu. Anayekubali kufungwa kwa ajili ya kauli aliyoichagua amekwisha kuipima, hata kama vitabu vya usuli havimpi jina la mpimaji.

Sheikh Ali alifariki mwaka 1894, mtoto wake akiwa bado hajafika umri wa kusomeshwa. Al-Amin akalelewa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, ambaye naye alikuwa kadhi. Huyo ndiye aliyemfunza misingi ya dini na lugha ya Kiarabu. Baadaye alikwenda Unguja, iliyokuwa ndiyo kituo kikuu cha elimu ya Kiislamu katika Afrika ya Mashariki, akasoma kwa Sheikh Abdallah Bakathir na kwa Sayyid Ahmad bin Sumait. Wote wawili walifariki mwaka 1925, na kwa muda wa kizazi kizima hapakuwa na mwanachuoni wa Kishafii katika mwambao aliyekuwa na sifa kuliko wao. Bakathir alikuwa mwalimu hasa. Darasa zake za Ukutani zilikusanya wanafunzi kutoka Lamu hadi Ngazija. Ibn Sumait alikuwa kadhi na mwandishi.

Walisomesha nini? Kiini cha masomo ya fikihi kilikuwa Minhaj ya Imam Nawawi pamoja na sherehe zake mbili maarufu za karne ya 16, Tuhfa ya Ibn Hajar na Nihaya ya Ramli. Katika vitabu hivi mwanafunzi hakufundishwa kuchambua aya na hadithi ili aitoe hukumu. Alifundishwa kujua ipi kati ya kauli za wanavyuoni wa Kishafii ni yenye nguvu, na ikiwa Ibn Hajar na Ramli wamehitilafiana, ashike ya nani. Ni elimu ngumu, inayohitaji hifadhi kubwa na uangalifu mkubwa zaidi wa lugha, na wale wanaoidharau leo mara nyingi hawajapata kuusoma ukurasa mmoja wa Tuhfa. Hata hivyo ni elimu ya kupanga kauli. Dalili hutajwa, lakini haiamui.

Unguja ya siku zile ilikuwa na jambo jingine la kumfundisha kijana kutoka Mombasa. Palikuwa na kadhi wa Kiibadhi na kadhi wa Kishafii chini ya serikali moja, kila mmoja akihukumu kwa vitabu vyake. Mtu akitembea mitaa michache tu alikuta kwamba kauli ya walio wengi hapa ni kauli ya wachache pale.

3.0 Maneno yenyewe: ijtihadi, taklidi, jumhuri

Kwa kuwa mwandishi wa makala hii ni mtu wa isimu, haitakuwa vibaya tukisimama kidogo juu ya istilahi hizi kabla ya kuendelea.

Neno ijtihadi na neno letu la kila siku jitihada ni neno moja. Yote mawili yanatokana na mzizi wa Kiarabu wenye konsonanti j-h-d, wenye maana ya kutoa juhudi. Wanafikihi wamelifanya istilahi: ni mjuzi kutoa juhudi yake yote katika kuitafuta hukumu ya sharia kutoka katika dalili zake. Kiswahili kilipolipokea neno hili kililipokea mara mbili: mara moja kwa watu wote, likawa jitihada ya mkulima na ya mwanafunzi; na mara ya pili kwa maulamaa peke yao, likabaki ijtihadi. Taklidi haikupata bahati hiyo ya kushuka mitaani. Asili yake ni kilada, yaani kidani kinachovishwa shingoni. Anayefuata kauli ya imamu bila ya kuijua dalili yake ni kama aliyemvisha imamu huyo dhamana ya jambo shingoni mwake. Ama jumhuri, yaani wanavyuoni walio wengi, kwetu imezaa jamhuri, aina ya dola. Hivyo Mswahili asiyesoma fikihi akisikia kwamba jumhuri wamesema kadha, sikio lake linaelekea kudhani kwamba kura zimepigwa.

Kwa kweli jumhuri si kura, wala si ijmaa. Ijmaa ni makubaliano ya mujtahidi wote wa zama moja, na ni hoja inayofunga. Kauli ya jumhuri ni kauli yenye wafuasi wengi tu. Yaweza kuwa ndiyo sahihi na mara nyingi huwa hivyo, lakini wingi peke yake haukuhesabiwa na maimamu kuwa dalili. Imam Shafii mwenyewe amepokewa akiwausia wafuasi wake kwamba ikisihi hadithi inayopingana na kauli yake, basi washike hadithi. Wafuasi wake waliukubali wasia huo, kisha wakauwekea masharti: si kila anayeikuta hadithi ana haki ya kuiacha kauli ya madhehebu, bali ni yule aliyefikia daraja fulani ya elimu. Ibn al-Salah na Nawawi walizipanga daraja hizo kuanzia mujtahidi asiyefungwa na madhehebu, kushuka kwa mujtahidi ndani ya madhehebu, hadi kwa yule mwenye uwezo wa kuzihifadhi na kuzinukuu kauli tu.

Mpango huo una hekima yake. Lakini una athari moja ambayo haisemwi sana. Ukimwambia mtu kwamba hana haki ya kutoa hukumu, umesema kweli. Ukimwambia kwamba hana haki hata ya kuuliza dalili ni ipi, umesema jambo jingine kabisa. Kule mwambaoni mambo haya mawili yalichanganywa, na Sheikh Al-Amin ndiye aliyeyatenganisha.

4.0 Sahifa na Al-Islah

Tangu ujana wake Sheikh Al-Amin alikuwa msomaji wa Al-Manar, jarida lililoanzishwa Cairo mwaka 1898 na Rashid Rida, mwanafunzi wa Muhammad Abduh, na lililoendelea hadi mwaka 1935. Katika miaka yake ya mwanzo Rida alichapisha humo mazungumzo ya kubuni baina ya mtengenezaji wa mambo na mfuasi wa taklidi, kisha akayatoa kama kitabu. Wasomaji wa Al-Manar hawakuwa wengi katika mwambao, lakini walikuwamo, na jarida lilipita mkono kwa mkono.

Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin alianza kutoa karatasi ndogo ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, akaiita Sahifa. Mwaka 1932 lilifuata gazeti kubwa zaidi, Al-Islah, lililotoka kwa Kiswahili na Kiarabu. Jina hilo la pili halikuchaguliwa ovyo. Islahi ni kutengeneza kilichoharibika, na ni jamaa wa karibu wa maneno tuliyonayo tayari, suluhu na masilahi. Magazeti haya hayakudumu sana. Makala zilizotoka humo zilikusanywa na kuchapishwa mwaka 1944 katika kitabu Uwongozi, na kwa njia hiyo ndivyo wengi wetu tulivyozisoma.

Ndani yake hamna masuala makubwa ya usuli. Mna lawama juu ya gharama za arusi na matanga zinazowatia watu katika madeni, juu ya ulevi, juu ya uvivu, juu ya wazazi wasiowasomesha mabinti zao, juu ya vijana wanaoiga mavazi ya Wazungu na kuacha kuiga bidii yao ya kazi. Msomaji mwenye haraka aweza kudhani kwamba haya ni mawaidha ya kawaida tu. La. Kila desturi kati ya hizo ilikuwa na watetezi waliosema kwamba wazee wameiona na hawakuikataza, na kunyamaza kwao ni ridhaa. Sheikh Al-Amin hakukubali kwamba kunyamaza kwa maulamaa wa mji mmoja ni kauli ya wanavyuoni, sembuse kuwa ijmaa. Alirudi kwenye aya na hadithi, akaziweka kwa Kiswahili chepesi, akamwachia msomaji aone mwenyewe umbali uliopo baina ya dini na ada.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo. Wenzake waliosoma kwa walimu wale wale hawakuwa wajinga wa dalili. Walizijua kama alivyozijua yeye. Hofu yao ilikuwa nyingine, na si ya kupuuzwa. Kauli ya madhehebu ni ukuta. Muuza samaki akizoea kuuliza dalili ya kila jambo, kesho atajitolea hukumu mwenyewe, na keshokutwa atamkufurisha imamu wa msikiti wake. Aliyeyaona yaliyotokea katika misikiti mingi ya mwambao tangu miaka ya 1980, pamoja na ile ya Pemba, hawezi kusema kwamba hofu hiyo ilikuwa ya bure. Hata hivyo nadhani Sheikh Al-Amin alikuwa na haki zaidi, kwa sababu watu walikuwa wamekwisha kuanza kupata dalili kutoka kwengine. Tafsiri ya kwanza kamili ya Kurani kwa Kiswahili, ya mwaka 1923, ilitolewa na Godfrey Dale, kasisi wa misheni ya Kiingereza ya Unguja. Mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa na mtu wa nje. Kilichobakia kwa maulamaa ni kuamua kama watasimama mlangoni au watajifungia vyumbani.

Kuna upande wa lugha ambao haujapewa haki yake. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano huko huko Mombasa ulioamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930, mwaka ule ule wa Sahifa. Kamati iliandika kwa hati za Kirumi na kwa lahaja ya Unguja. Sheikh aliandika kwa hati za Kiarabu na kwa Kimvita. Hati za Kiarabu kama zilivyozoeleka hazikuyatosha matamshi yetu, kwani Kiarabu hakina p wala ch wala v, na irabu zake fupi tatu zinalazimishwa kubeba tano zetu; kwa hiyo katika vitabu vyake aliziongezea alama ili kila sauti ya Kiswahili ipate sura yake. Hata katika majina ya vitabu vyake vilivyochapwa kwa Kirumi lahaja haikufichika: uwongozi na ndowa, zote mbili na w ambayo usanifu umeifuta, na kutengeza badala ya kutengeneza. Mtu aliyekataa kwamba wingi ni dalili katika dini hakuona sababu ya kuukubali katika tahajia.

5.0 Kiti cha kadhi

Mwaka 1932 Sheikh Al-Amin aliteuliwa kuwa kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo alichokishika mpaka kufa kwake. Mahakama za makadhi zilikuwa zimehifadhiwa na mapatano ya mwaka 1895 yaliyoweka ukanda wa pwani, ulio chini ya bendera ya Sultan wa Unguja, katika himaya ya Uingereza. Kazi zao zilikuwa ndoa, talaka, mirathi na mambo ya namna hiyo.

Uhusiano wa kadhi na ijtihadi ni wa asili. Ile hadithi mashuhuri inayosema kwamba anayejitahidi akapatia ana ujira mara mbili, na akikosea ana ujira mmoja, inamzungumzia hakimu hasa, siyo mwandishi wa vitabu. Nawawi katika Minhaj, kitabu alichokisomea Sheikh Al-Amin na kila kadhi wa pwani, anahesabu ijtihadi miongoni mwa sharti za ukadhi. Kisha anaongeza kwamba sharti zikishindikana kutimia, na mtawala mwenye nguvu akamweka mtu wa taklidi, hukumu zake zitapita kwa ajili ya dharura. Hebu tuyafikirie hayo yakisomwa Mombasa mwaka 1932. Mtawala mwenye nguvu alikuwa Mwingereza, na dharura imekwisha kuwa ndiyo kawaida kwa karne nyingi.

Misri ilikuwa imechukua njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 1929 ilihesabu talaka tatu zinazotolewa kwa neno moja kuwa ni moja, kinyume cha kauli ya jumhuri ya madhehebu manne na kwa kufuata kauli iliyotetewa na Ibn Taymiyya. Serikali ya Kiislamu, kwa kushauriana na wanavyuoni wake, yaweza kufanya hivyo. Kadhi wa Mombasa hakuwa na bunge lake wala baraza la wanavyuoni. Nyuma yake palikuwa na majaji wa Kiingereza wa rufaa. Lau kila kadhi angehukumu kwa ijtihadi yake, mjane wa Malindi na mjane wa Lamu wangepata mirathi tofauti kwa maneno yale yale ya Kurani. Taklidi katika mahakama ina faida moja ambayo mwanamageuzi mwaminifu lazima aikiri: mnyonge anajua kabla ya kuingia kile atakachohukumiwa.

Majaji wenyewe walikuwa na taklidi yao, tena ngumu kuliko ya Tuhfa. Mwaka 1894 Baraza la Rufaa la London liliamua katika shauri la Kibengali kwamba wakfu wa mtu kwa watoto wake haufai ikiwa sehemu ya masikini ni ya jina tu, uamuzi ambao hauafikiani na fikihi ya Kishafii. India ikaufuta kwa sheria mwaka 1913. Hata hivyo mwaka 1952, miaka mitano baada ya kufa Sheikh Al-Amin, Baraza lile lile liliutumia uamuzi huo wa 1894 katika shauri lililotoka Kenya. Anayetaka kujua maana ya kufuata kauli ya waliotangulia hali dalili iko wazi, hana haja ya kuitafuta misikitini peke yake.

Sheikh Al-Amin, basi, aliigawa kazi yake. Kitini alikuwa kadhi wa Kishafii. Nje ya kiti aliendelea kusomesha na kuandika, na vitabu vyake vingi vya maana ni vya wakati huu: Dini ya Islamu, vitabu vya watoto, risala ya ndowa na talaka. Risala yake juu ya zaka inaonyesha waziwazi alipokuwa akielekea. Jina lake lenyewe linataja faida ya zaka katika kutengeza mambo ya umma wa Kiislamu. Vitabu vya fikihi vinaeleza kiwango cha mali, asilimia, na aina za wanaostahiki. Mwandishi huyu anauliza mali hiyo iwafanyie nini Waislamu kwa jumla. Hukumu haikubadilika hata moja, ila swali limebadilika, na kubadilisha swali ni sehemu ya ijtihadi ambayo haikuhitaji ruhusa ya jumhuri.

Yapo wanaoiona hali hii kuwa ni kujigonga: mhariri wa Al-Islah asingepaswa kukubali ukadhi. Siafikiani nao. Aliyezoea kuona talaka na mirathi za watu kila wiki hawezi kuandika juu ya ndoa kama anayeziona vitabuni tu. Gharama yake ilikuwa kwamba gazeti lilikufa.

6.0 Baada ya 1947

Alianza kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili pamoja na maelezo, na mauti yakamfika kabla ya kumaliza. Sehemu alizoziacha zilitolewa baadaye kwa juhudi za mwanafunzi na jamaa yake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1963 hadi 1968. Aliyemfuata katika cheo hicho, Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja, ndiye aliyekamilisha kazi ya aina hiyo kwa tafsiri yake ya mwaka 1969, ambayo imeenea katika nyumba za Waislamu wa Pemba kama ilivyoenea Mombasa. Wote wawili waliandika kwa ukali kuliko mwalimu wao juu ya bidaa. Ukali huo una sababu zake za wakati wao, lakini umewafanya wasomaji wengi wa leo wamsome Sheikh Al-Amin kwa kupitia kwao, na kumpa sura ya mpiganaji ambayo Uwongozi hauithibitishi.

Mfano mmoja watosha kuonyesha jinsi suala lilivyopinda tangu wakati wake. Katika vijiji vya kaskazini mwa Pemba, kama kwengine katika mwambao, siku ya Idi huweza kuwa mbili. Wako wanaofunga na kufungua kwa mwezi ulioonekana nchini, na wako wanaokubali habari za mwezi kutoka popote ulimwenguni, hasa Saudia. Kundi la kwanza hujiona kuwa ndilo la walio wengi na la wazee. La pili hujiona kuwa ndilo la dalili. Ukivirejea vitabu, mambo yanageuka. Kauli ya kwamba mwezi wa nchi ya mbali hauwalazimu wasiouona ndiyo iliyopewa nguvu na Nawawi katika madhehebu ya Shafii, na dalili yake ni habari ya Ibn Abbas, ambaye akiwa Madina hakuufuata mwezi ulioonekana Sham. Kauli ya kwamba mwezi mmoja unawalazimu wote ndiyo mashuhuri kwa Hanafi, Maliki na Hanbali, yaani ndiyo ya jumhuri. Hivyo anayedhani anafuata dalili dhidi ya wingi kwa hakika amewafuata wengi wa wanavyuoni, na anayedhani amewafuata wengi ameshika kauli ya wachache yenye hadithi nyuma yake.

Mwanafunzi wa Tumbe anayetaka kulifuatilia suala hilo leo ataikuta aya ya mwezi, hadithi ya Ibn Abbas na hitilafu za maimamu zote zimekwisha kuandikwa kwa Kiswahili, kwa hati za Kirumi. Atahitaji mwalimu wa kumpangia, na hilo Sheikh Al-Amin asingelikanusha, kwani yeye mwenyewe alisomesha mpaka mwisho wa umri wake.